Namba ya Mwisho ya Mvuka Maji

Nyamasaria, Kisumu
3 Machi 2024

Kwako Baba Owiti,

Oyawore, Baba. Nyonga inaendelea aje? Dada Akinyi na watoto wake hapo Nakuru wako sawa? Mimi niko mzima, kuku wako wazima, ila ile jogoo nyekundu imekuwa na kiburi tangu uende.

Naandika juu kwa simu husikii, na nikipiga kelele ndio usikie, plot yote inajua mambo yetu, mimi naona aibu. Mwandiko univumilie. Unajua shule niliachia class five.

Vitabu vyako vya katuni ni salama. Nimefanya venye uliniambia. Rafu nimevuta kutoka kwa ukuta, na kila mguu nimeusimamisha ndani ya mkebe ya oil chafu, ndio mchwa akitaka kupanda akute hapo hakuna njia. Na alikuja, Baba. Nilikuta barabara yake ya udongo imetoka kwa ufa wa sakafu, imepanda mkebe kwa nje, imefika mdomo. Hapo ikasimama. Halafu kesho yake nikakuta wameanza kujenga kitu kama tao, nyembamba kama njiti, inaenda juu ya oil bila kushikwa na chochote. Hiyo kitu haina macho. Imejuaje kuna ng'ambo? Nilichuchumaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Nilibomoa, lakini nilisema pole kwanza.

Sam nao walikuja, wale nzi wadogo wa ziwa. Walisimama juu ya maji kama moshi, ungedhani Dunga yote inaungua. Nilifunga madirisha, na asubuhi nikafagia wenye walikufa kabla hawajaita wadudu wengine.

Swali ni moja. Ile kitu umefunga na karatasi ya khaki na kamba ya katani, iko pekee yake kwa rafu ya juu. Nayo nifungue niangalie? Sheryl wa hapa mbele anasema hiyo ni title deed.

Mtoto wako,
Enos

---

Nakuru
17 Machi 2024

Enos kijana wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwa baridi. Nyonga sasa ni ya daktari, si yangu tena, yeye ndiye anaamua itembee lini. Akinyi ananilisha uji kama mtoto wa kliniki. Mwandiko wako ni kama kuku amepita, lakini ni kuku anajua anakoenda. Nimesoma yote.

Umefanya vizuri na mchwa. Hata kusema pole ni vizuri.

Khaki usifungue. Mwambie Sheryl title deed iko benki na aache kukupa mawazo. Hiyo ni namba ya mwisho ya katuni ya Mvuka Maji. Wakati nafanya kazi stoo za bandari, senje wako Milka, dada yangu, na mimi tulikuwa tunainunua kila mwezi pale soko ya Kibuye. Yeye anasoma kwa sauti, anabadilisha sauti ya kila mtu, mpaka ya ng'ombe. Mimi kazi yangu ni kuangalia picha na kumwambia ageuze. Ni hadithi ya msichana anaitwa Ajwang' anataka kuvuka ziwa, na kila mtu anamwambia ng'ambo hakuna kitu. Namba ya mwisho ilitoka wiki ile tulimzika Milka. Niliinunua, nikaifunga, nikaweka.

Kwa hivyo mpaka leo sijui kama Ajwang' alivuka. Nilikuwa naogopa kusoma pekee yangu. Sasa nimechoka kuogopa. Nikirudi mwezi wa nane, kitu ya kwanza ni hiyo, hata kabla ya chai.

Zile zingine zikiliwa nitalia kidogo halafu nitanyamaza. Hiyo moja ikiliwa, Enos, sijui.

Mimi baba yako,
Owiti

---

Nyamasaria
28 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta umesimama, hata kama ni na fimbo. Mimi niko sawa, matope tu ndio imetushinda.

Mvua imenyesha mpaka mto umetoka kwa njia yake. Mama Jacinta wa mlango wa pili, yule anauza dagaa wa omena Kibuye, maji iliingia kwake mpaka kitanda. Alikuja hapa na magunia kwa mkokoteni, amelowa, analia na anacheka pamoja. "Enos, omena ikinyeshewa ni mimi nimenyeshewa. Nipatie kona." Wewe mwenyewe ndio ulinifundisha, mtu akishikwa na mvua na omena yake hauulizi ni ya nani, unafungua mlango. Na chumba yenye haijaguswa na maji ni moja tu, ile ya vitabu.

Niliogopa wadudu nikamwambia. Akanicheka. "Hii harufu hata askari anakimbia, sembuse mdudu!" Nikaona ni ukweli. Kwa hivyo tumepanga magunia kwa ukuta mzima, yamepanda mpaka rafu ya juu. Sasa vitabu vyako vinalindwa na mikebe huku chini na omena kwa mbavu. Harufu iko, lakini itaisha.

Mtoto wako,
Enos

---

Nakuru
9 Mei 2024

Enos,

Salamu nitakupa siku ingine. Toa omena.

Omena kavu iko na mdudu wake, mweusi mgongo, mweupe tumbo. Mtoto wake ni funza wa manyoya. Akishashiba hataki omena tena, anatafuta kitu imeshikana vizuri atoboe, alale ndani mpaka awe mkubwa. Anatoboa mbao, anatoboa kamba. Pale bandarini nilimkuta ametoboa daftari za wazungu. Na magunia yakigusa rafu, hiyo mikebe yako ni ya bure, umemjengea daraja.

Mama Jacinta usimgombeze. Alikuwa anazama.

Toa leo.
Owiti

---

Nyamasaria
30 Juni 2024

Baba,

Nakusalimia kwa heshima. Sijui kama bado unataka kujua mimi ni mzima.

Barua yako niliipata na omena nikatoa hiyo siku. Sikuandika juu mkono ilikataa. Nilikuta vile ulisema. Funza walikuwa wametembea kutoka gunia hadi rafu, na vitabu vilikuwa na vishimo, safi kabisa, ungedhani fundi amepitisha msumari. Ukiweka kitabu kwa jua, jua inapita.

Mama Jacinta aliona akashika kichwa. "Woi, nimeua mzee wa watu na yuko Nakuru!" Halafu akakaa chini akafikiria. Akasema omena yake ikishikwa na hao wadudu yeye huingiza kwa friza ya shemeji yake huko Dunga, wanakufa na mayai yao. Tukafunga vitabu kwa plastiki nzito, tukakaza na selotepu, tukapeleka kwa mkokoteni. Huyo shemeji anaitwa Becky. Alitushika mlangoni.

"Friza ni ya ngege. Hawa nao ni samaki gani?"

"Samaki ya mzee Owiti," Mama Jacinta akasema. "Fungua."

"Wako na magamba?"

"Wako na adabu kukushinda. Fungua, Becky, jua inatupiga!"

Zimekaa huko wiki mbili, chini ya ngege. Zikitoka hatukufungua mara moja, tuliacha baridi iishe ndani ya plastiki ndio karatasi isilowe. Halafu nikaanza kufungua moja moja, kila ukurasa, kutoa wenye wamekufa na brashi ya viatu mpya.

Baba, hapo ndio kitu ilinipata. Mimi miaka hii yote nilipanguza hizo vitabu vumbi na sikuwahi kufungua hata moja. Nilijua ni za watu wamesoma. Sasa nilikuwa natafuta funza tu, na nikaona Ajwang' amesimama kwa mawe, ziwa iko mbele yake, na hiyo ziwa imechorwa na mistari tu nyeusi lakini inasonga. Naapa inasonga. Nikageuza. Kwa boksi moja ya picha mama yake ameinua mkono. Kwa boksi inafuata Ajwang' ameshika shavu. Kofi haiko! Hakuna mtu alichora hiyo kofi. Lakini mimi niliisikia, niliisikia hapo kwa ile nafasi nyeupe katikati, mpaka nikaangalia nyuma yangu. Ni nani alijua mtu anaweza kufanya hivyo na wino?

Nimesoma zote. Nasoma polepole, na kidole. Mama Jacinta akipita anauliza, "Amefika wapi huyo msichana?" namwambia. Siku ile mtumbwi wa Ajwang' ulipasuka alikosa kwenda soko.

Sasa nakuambia yenye inanizuia kulala. Khaki yako pia iliguswa. Iko na shimo mbele na hakuna shimo nyuma. Maana yake aliingia na hakutoka. Iliingia kwa friza na zingine, lakini sijaifungua. Uliniambia nisifungue. Iko kwa meza naiangalia, nayo inaniangalia. Sema wewe.

Mtoto wako, kama bado,
Enos

---

Nakuru
25 Agosti 2024

Enos mwanangu,

Umesikia salamu zangu? Sasa zipokee, na zile za mwezi wa tano nilikunyima.

Nilikaa na barua yako muda. Sikuwa nataka kuongea na mtu. Akinyi alidhani nimekosana na pasta. Nilikasirika na wewe, na Mama Jacinta, na mvua, halafu nikakasirika na huyu mzee mjinga aliye na kitabu na asikisome mpaka funza akakisoma kabla yake.

Lakini pale umeandika ya kofi, nilisoma nikasoma tena. Milka alikuwa akifika hapo anapiga meza, pah! Mimi nikadhani ni yeye alikuwa anaongeza.

Mwezi wa nane ndio huu, na siji. Daktari amesema nyonga imeshikana vibaya, na huku ndiko nitakuwa. Kwa hivyo fungua. Usifungue kama mwizi. Keti kwa kiti cha Milka, mchana, mlango wazi. Mwite Mama Jacinta kama anataka. Halafu uniandikie kila kitu unaona, na pale pameliwa useme pameliwa. Usinipambie.

Baba yako,
Owiti

---

Nyamasaria
8 Septemba 2024

Baba yangu Owiti,

Salamu kutoka kwangu na kwa Mama Jacinta, ameketi hapa amevaa nguo ya kanisa. Pole na nyonga.

Nilifungua jana mchana, kwa kiti ya senje. Kamba nilifungua na vidole, sikukata.

Shimo imepita kurasa zote mahali pamoja. Kwa ukurasa ya kwanza imetoboa jua. Ya pili imetoboa jicho ya ng'ombe. Halafu pua ya mtumbwi, halafu mkono ya Ajwang', lakini bado anapiga makasia nayo. Maneno mengi yako. Nilisoma kwa sauti, Baba. Nilianza chinichini, halafu Mama Jacinta akasema, "Hatusikii huku nyuma," na nyuma hakuna mtu. Nikapandisha. Sheryl akaja kusimama kwa mlango, na bwanake. Sijawahi kusoma mbele ya watu. Kwa ng'ombe nilijaribu sauti, wakacheka, nikaendelea.

Anapiga makasia kurasa nyingi bila kuona kitu. Maji na maji. Mtumbwi unaingiza maji, anaruka, anaogelea. Kuna ukurasa mzima ni kichwa chake tu, kidogo kama mbegu, na ziwa yote inayobaki.

Ukurasa ya mwisho ndio funza alilala. Amekula katikati yote. Alikuwa ndani bado, amekauka, ameanza kuwa mweusi. Nilimtoa nikamweka kwa dirisha.

Sikupambii. Yenye imebaki ni kona ya chini. Iko hivi. Kuna mguu ya Ajwang', naijua na ile kovu ya mtumbwi ulipasuka. Maji inatiririka kutoka kwa goti. Vidole zimeshika jiwe, na hiyo jiwe ni kavu. Kwa hivyo alivuka, Baba. Alifika.

Lakini kuna miguu mbili ingine hapo mbele yake. Haina maji. Haina viatu. Vumbi iko juu ya kidole, kama mtu amesimama hapo siku nyingi anangoja. Juu ya magoti imeliwa yote. Na pale pa maneno yake, kile kiputo cha kusema, mkia wake uko na ndani ni shimo tu. Alimwambia kitu.

Mama Jacinta anasema ni mama yake. Sheryl anasema ni bwana, na wamegombana mpaka chai ikapoa. Mimi nimeangalia hiyo miguu tangu jana.

Wewe ulikuwa naye tangu namba ya kwanza, na ulisikia sauti zao wote kwa mdomo ya senje. Ni nani huyo, Baba? Na alimwambia nini?

Mtoto wako,
Enos