Siku thelathini bila kuacha hata moja

Umwali, nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Huko sebuleni bamama bangali banapiga vigelegele.

Unajua amesema nini, mbele ya pilau ya Idi? “Muke wa Latifu amefunga siku zote thelathini! Hajaacha hata moja! Ana mimba!”

Hajaacha hata moja!! Kumbe Ramadhani nzima alikuwa ananihesabia!

Daktari wa Bukavu aliniambia ni ugonjwa wa ovari, ndiyo maana hedhi haiji na ndevu zinaota. Wewe tu ndiye unajua. Na tangu vita viingie kule, sijavuka daraja la mpakani kufuata dawa.

Latifu analia kwa furaha. Ningesema nini?

Nimesema kesho naanza kufunga zile siku sita za Shawali. Mama mkwe amenikataza. Eti mtoto atasikia njaa.