Kupaki na Kubaki

Kedowa,
kwa Baba Hawi

Mama yangu mzazi,

Pokea salamu zangu kabla sijasema lingine. Goti lako linasemaje ukipanda kutoka mtoni? Na Hawi wangu, anakula vizuri? Bado anakimbia akiona karai la kuoga? Huku sisi ni wazima. Baba Hawi yuko bado kwa kiwanda cha majani chai, akirudi hata sweta yake inanukia chai. Mvua inakuja kila alasiri, na baridi unaijua mwenyewe, ile wiki ulitutembelea ulilala na soksi za mkwe wako.

Nimeandika kwa sababu simu inatushinda. Tukiongea, ukisikia tu pikipiki inapita nyuma yangu unaanza kulia, na mimi nikikusikia unalia nasahau yale nilitaka kusema. Nimeandika kwa Kiswahili kwa maana ndicho mwalimu alinifundisha kuandika, Kijaluo changu kiko mdomoni tu. Achieng mdogo wangu atakusomea polepole. Achieng, usiruke mahali.

Mama, ulisema Hawi hatarudi huku mpaka niape kwamba sitabeba abiria kwa pikipiki tena. Nimekaa na hayo maneno siku nyingi. Sijayachukua vibaya. Ulimbeba mtoto wangu wakati mkono wangu haungeweza kuinua hata kikombe, na hiyo sitasahau. Lakini ile ajali ulisimuliwa na watu. Mimi mwenyewe hujanisikia, hata ulipokuja kumchukua Hawi sikuweza kuisimulia. Wacha nikwambie vile ilikuwa, halafu nitakujibu.

Kuna nyanya wa hapa ambaye sisi wote tunamwita Kogo, ndivyo Wakipsigis wanaita nyanya. Nilikuwa nampeleka sokoni asubuhi, yeye nyuma yangu na kabeji zake kwa gunia. Tulipoingia lami tukakuta lori mbele yetu inatambaa. Nikaanza kutoka kidogo ili niipite. Kogo akaona gari inakuja upande ule mwingine, akasema kwa nguvu, "Paki! Paki nyuma!"

Sasa Mama, unajua vile sisi tunasema "samba" na mtu akaelewa shamba? Watu wa huku nao, wazee hasa, b na p kwao ni kitu kimoja. Kogo alikuwa anasema nibaki. Nibaki nyuma ya lori, nisipite. Mimi nikasikia nipaki, nisimamishe pikipiki. Mteja akisema paki, unapaki. Nikashika breki hapo hapo katikati ya lami, sikuangalia kioo, sikusogea kando. Gari ndogo iliyokuwa nyuma yetu haikupata nafasi ya kusimama.

Kogo alirushwa kwenye nyasi, akaumia kiwiko. Mimi nilivunjika ule mfupa wa bega la kushoto, hayo unajua. Helmeti ilipasuka mahali kichwa changu kingepasuka. Nilipofungua macho niliona kabeji zinateremka barabara moja moja na Kogo ameketi kwa nyasi anauliza, "Mama ya mtoto iko wapi?" Alikuwa ananitafuta mimi.

Bega lilipona kuliko mimi. Daktari aliponiruhusu, nilikalia pikipiki hapa nje, na miguu ikaanza kutetemeka kabla sijawasha. Siku nilijaribu kutoka, kila nikisikia gari nyuma yangu mkono ulikuwa unashika breki wenyewe, bila kuniuliza. Kitu kile kile kilichonivunja ndicho mkono wangu ulijifunza. Kwa steji, pale tunangojea abiria, wenzangu wanaume wakanicheka, mmoja akasema hata ng'ombe wa maziwa amenipita na bado anatafuna. Nilicheka nao. Halafu nikaenda nyumbani nikalia kwa jikoni, juu ya nguo ndogo ya Hawi uliyoisahau kwa kamba.

Mama, hapo karibu nikupigie niape.

Aliyenizuia ni Kiprono, mwenyekiti wa steji yetu, mtu mzima na maneno yake ni machache. Alikuja na Baba Hawi wakakuta nimefunika pikipiki na turubai. Hakunicheka. Aliniambia, "Uoga wacha ikae, ni yako. Lakini uipatie kazi. Iangalie kioo. Isishike preki."

Nikaanza tena kama mtu ambaye hajawahi kuona pikipiki. Kwanza uwanja wa kanisa, siku za katikati ya wiki kukiwa hakuna watu. Kiprono anasimama nyuma yangu anapiga kelele kama gari, na mimi siruhusiwi kugusa breki mpaka niangalie kioo, niwashe indiketa, nisogee kando. Mama, mzee mzima ananguruma kama lori, watoto wa jirani wameketi kwa ukuta wanashangaa. Tulirudia mpaka mkono ukakubali kungoja macho. Halafu marram, ile barabara ya changarawe. Halafu lami, saa ile magari ni machache na jua limekausha yale matope ambayo lori za majani huacha kwa kona. Helmeti nilinunua mpya, ile iliyopasuka sikukubali kuigundisha hata kama Baba Hawi alisema iko sawa. Nikianza kutetemeka nilikuwa natoka kando nasimama, napumua, narudi. Siku zingine nilirudi nyumbani tu.

Abiria wangu wa kwanza nilidhani atakuwa mtu asiyejua habari zangu. Asubuhi moja nikamwona Kogo anashuka na gunia lake. Nikamwambia kuna pikipiki zingine kwa steji. Akasema hizo zingine hazijaanguka na yeye, hazimjui. Akafunga leso vizuri, akanyoosha kichwa nimvalishe helmeti.

Sasa mimi nina sheria, na nilimwambia kabla hatujaondoka. Tukiwa barabarani hakuna maneno. Ukitaka nisimame, unagonga bega langu la kulia, na mimi nitasimama nikipata mahali pazuri. Kila abiria namwambia hivyo siku hizi. Kogo akacheka kidogo, akasema hata yeye ameuchoka huo mdomo wake.

Tulipofika kwa lami, lori ikaja nyuma yetu ikapiga honi. Vidole vikataka breki. Mkono wa Kogo ulikuwa juu ya bega langu la kulia, sijui kama anataka nisimame au ananishika tu. Haukugonga. Nikaangalia kioo. Nikaona lori ile yote, uso wake wote, na bado iko mbali. Nikawasha indiketa, nikasogea kando taratibu, ikatupita na upepo wake. Tukaendelea.

Sokoni nilisimamisha pikipiki pembeni mwa vibanda vya viazi, nikaizima. Kogo akashuka, akaniangalia usoni, akasema pole pole, "Sasa umepaki."

Sikumwuliza anamaanisha gani kati ya hizo mbili.

Mama, hii kazi naijua. Wamama wenye watoto wachanga wakienda kliniki wananiita mimi, kwa sababu nangoja wafunge shuka vizuri na sikimbii kwa mabonde. Mmoja aliniambia wakati nilikuwa mgonjwa alikuwa anaenda kwa miguu. Sipandi mvua ikianza. Sibebi wawili. Na Hawi simpandishi mpaka miguu yake ifike pale pa kukanyagia, hiyo naweza kukuapia leo, mbele ya Mungu. Lakini ile ingine siwezi kuapa. Nikiapa kwa sababu naogopa, nitakuwa nimesimama tena katikati ya barabara.

Nisalimie baba mdogo Otieno, aliyenifundisha baiskeli na kunikimbiza kutoka nyuma akishika kiti. Nisalimie shangazi wa pale sokoni, na dani, nyanya yetu, umwambie sijakonda. Aliyekuletea barua ni jirani yetu mwenye kuuza omena, viazi alivyobeba ni vyako.

Kuna ombi moja. Shule zikifunga, njoo na Achieng na Hawi. Nitawapokea kwa steji ya matatu kwa miguu, mizigo nitabeba mwenyewe. Mtoto atakaa na baba yake na Achieng. Wewe utavaa helmeti, ukae nyuma yangu, twende mpaka kwa Kogo na turudi. Njiani usiseme kitu, weka tu mkono kwa bega la kulia, ule mkono wako ndio utasikia kama mwili wangu bado unatetemeka. Tukirudi nyumbani uniambie neno moja. Ukisema nipaki, nitaipaki pikipiki kabisa, na sitanuna, na Hawi utaniachia. Ukisema nibaki, nitabaki kwa kazi yangu.

Wewe unatamka zote mbili vizuri, Mama. Nitasikia.

Ni mimi binti yako anayekungoja,
Akinyi, mama yake Hawi