Maji Waliyoyakimbia Rumonge

Rumonge, upande wa Urundi

Kwa Mama yangu Anastasia, Karema

Mama, shikamoo. Shikamoo tena, kwa zile asubuhi zote ambazo sikuwepo kukuamkia. Je, kifua kimepoa? Mguu ule unaokusumbua masika unaukanda kwa mawese ya moto kama nilivyokuagiza, au mawese yote yameishia kwenye maharage? Na paa, Kaka Leo ameliezeka, au bado anaahidi? Nijibu yote, usinifiche kitu kwa kuogopa kunitia huzuni.

Mimi hapa, Mama, ujue umezaa mtu wa bahati. Malale yamepita mwambao huu wote, toka Nyanza mpaka Muhuta, nyumba kwa nyumba. Mtu anasinzia na tonge mkononi, na baada ya miezi unamzika. Kwangu yamefika mlangoni, yakanitazama, yakaenda zake. Mbung'o wenyewe wakitua mgongoni mwangu huondoka bila kuuma. Nadhani wanaambiana, huyu ni mwalimu, damu yake yote imeishia kwenye maneno. Nimenenepa mpaka kanzu inalalamika. Katika wakatekista wote waliotumwa ziwa hili hakuna mwenye bahati kama yangu, na ukiwaambia majirani neno hilo, usilipunguze.

Sasa habari za kazi ya Mungu, maana najua ndizo unazozingoja. Mama, kwetu Karema kengele ikilia kijiji kizima kinanyanyuka, nawe unadhani dunia yote ndivyo ilivyo. Hata mimi nilidhani hivyo. Hapa nimetundika jembe bovu mtini, nalipiga kila Jumapili kwa mkono huu wenye nguvu, na wanaogeuza kichwa ni mbuzi. Chini ziwani wako Waislamu, na mwalimu wao ni Salumu, mzaliwa wa hapa hapa, mama yake Mrundi. Watoto wake wa Kurani wanaimba masomo vizuri kuliko wangu, nakuambia wewe tu. Juu milimani watu wanamjua Imana, Mungu wa wazee wao, lakini wakipata shida wanamwendea Kiranga, pepo wao mkuu, na kumfanyia ngoma na pombe. Halafu wako Wadachi. Hao, Mama, ndio walionivunja moyo. Jumapili bwana wa boma anawatoa watu kufyeka vichaka vya mbung'o. Nikinung'unika, watu wananiuliza, "Petro, hawa si ndugu za padri wako? Mbona Jumapili yenu hawaijui?" Nimekosa jibu. Nawe wajua, mimi kukosa jibu ni msiba.

Daktari wao ni mtu mwema. Anawatibu wagonjwa wa malale kwa sindano, nami asubuhi humsaidia kuwashikilia na kutafsiri. Siku moja nikamwalika kwenye sala. Akacheka, si kwa ubaya. "Petro, kwetu makanisa iko makubwa sana," akasema. "Ndani iko vikongwe tu." Akaniita nitazame tone la damu kwenye kioo chake cha kukuzia. Nikaona kijidudu kinajinyonganyonga. "Mimi nasadiki hiki," akasema, "na Mungu simwoni humu." Nikamwambia labda na Yeye anatazama, ila kwa upande wa pili wa kioo. Akanituma maji.

Kosa kubwa lakini ni langu. Nilipofika hapa kinywa kilitangulia akili, jambo ambalo hukuanza kulisikia leo. Watu walikuwa wakiisifu sindano, nami nikashikwa na wivu. Nikasimama sokoni, nikapaza sauti: "Sindano si kitu! Mimi nina maji yenye nguvu kuliko sindano zote za Wadachi!" Moyoni nilikusudia ubatizo na wokovu wa roho. Wao wakafahamu dawa. Na sheria ya padri unaijua: wazima wafundishwe miaka, mpaka yeye mwenyewe avuke ziwa aje kuwabatiza, mimi nimeruhusiwa kumwagia maji mtu anayekata roho tu. Basi nikaitwa Kigwena kwa mzee mvuvi, hoi, amebaki pumzi. Nikambatiza, adhuhuri akafa. Nikaitwa kwa mwanamke mmoja huku juu, hakuiona jioni. Wa tatu, wa nne, vivyo hivyo. Watu si wajinga, Mama. Waliona kwa macho yao: kila aliyeguswa na maji ya Petro alizikwa.

Toka hapo nikawa mtu wa kukimbiwa. Maji yangu hukaa katika chupa ya kijani aliyonipa padri, na chupa hiyo ikitokea njiani, akina mama wanawafunika watoto kwa nguo. Mwalimu Salumu alinicheka sana. "Petro," akasema, "mimi nikipita watu wanakuja kuomba hirizi. Wewe ukipita wanahama. Chupa yako iko na sifa mbaya kuliko malaika mtoa roho!" Siku moja niliijaza mawese, nikaingia kwa jirani kumsalimu. Familia nzima ilitorokea uani, ikaacha ugali na samaki vinafuka mvuke. Niliwaita mpaka sauti ikakauka. Mama, sikula chakula chao. Nilionja tu.

Darasa likaisha. Akabaki kijana mmoja, Bigirimana, mpanda michikichi, anayekata vichane vya ngazi, matunda ya mchikichi, kwa ajili ya mawese ya mama yake. Huyo hakuogopa chupa. Alikuwa akiigonga kwa kidole akisema, "Wewe, nitakunywa siku moja." Amejifunza kusoma upesi kuliko nilivyojifunza mimi, na ningekuwa mtu mwingine ningekubali kusema hivyo mbele yake. Kisha akaanza kusinzia darasani. Nikamcheka. Nikamwita gogo. Nikamwambia usingizi wake ni shetani anayemvuta kope. Siku moja alilala chini ya mchikichi, panga kiganjani, jua likampiga tangu asubuhi, ndipo nikamwona vizuri, nikampeleka kwa daktari. Daktari alimpapasa shingo, akachukua damu, akaniangalia mimi, hakumwangalia yeye.

Sindano hazikumfaa. Macho yakaanza kuingia giza. Mama yake akamchukua nyumbani, mlimani, na baada ya siku chache nikaletewa salamu: Bigirimana anataka maji.

Nilikwenda mchana, nimeiacha chupa nyumbani makusudi. Mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa boma la nyumba, mpini wa jembe mkononi. Ni mwanamke mfupi, Mama, mfupi kuliko wewe, na sijapata kuona lango lililofungwa vile.

"Amahoro, mama," nikasema, ndiyo salamu yao ya amani.

"Simama pale. Chupa iko wapi?"

"Sikuja nayo."

"Na maji utatoa wapi?"

"Maji hayakosekani, mama. Ziwa lote lile."

"Basi sasa ziwa lote imekuwa chupa yako." Hakuinua sauti. "Mutoto wangu nilimwita Bigirimana. Unajua maana yake? Kwamba mambo yote iko mikononi mwa Imana. Nilimwita hivyo wewe ukiwa bado hujavuka ziwa. Iko na Mungu ndani ya jina lake tangu kuzaliwa. Unakuja kumwongezea nini? Kifo?"



Sauti ikatoka ndani. "Mama, mwache. Mimi ndiye niliyemwita."

Alisogea upande, ila mpini hakuutua. Ndani nikamkuta Salumu, ameketi kwenye mkeka karibu na mgonjwa. Alikuwa amemletea uji. Na shingoni mwa Bigirimana niliona vitu vitatu: shanga za Kiranga alizovalishwa na mama yake, hirizi ya Salumu katika kifuko cha ngozi, na kibati cha namba cha daktari, kimefungwa kwa waya. Wote tulikuwa tumempigania, shingo moja, na mimi nimekuja kuwa wa nne. Padri alinifundisha kwamba mtu avue vitu hivyo kabla ya ubatizo. Sikuthubutu kusema. Bigirimana mwenyewe aliinua mikono, taratibu sana, akavua shanga, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mama yake, akaziweka humo. Akavua hirizi, akampa Salumu. "Asante, Mwalimu," akasema. "Si kwa ubaya." Kibati hakikutoka, waya ulikuwa umekazwa.

Salumu aliishika hirizi kitambo. Nilijua imemchoma, maana aliiandika bure kwa kumpenda. "Yangu nimeipokea," akaniambia. "Fanya yako, Petro. Lakini usimtishe huyu mama."

Nikachukua kata ya maji. Mama yake akasimama katikati yetu.

"Mkono ule, hapana," akasema. "Mkono ule umezika watu. Mwanangu anataka maji yenu, sawa. Mkono ule, hapana."

Hapo ndipo nilipokumbuka somo moja la padri ambalo nililisikia nikiwa nusu usingizi, nyuma ya darasa, nikidhani halitanihusu kamwe: katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiyebatizwa, mradi amwage maji, aseme maneno, na akusudie lile linalokusudiwa na Kanisa.

"Basi mwagie wewe," nikasema.

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Mimi? Mimi ninayemtumikia Kiranga?"

"Wewe."

"Na Mungu wako ataupokea mkono huu?"

Mama, katika maisha yangu nimesema maneno mengi nisiyoyajua. Nimefundisha hata nisichokielewa. Lakini hilo nililijua. Nikasema, "Ataupokea. Ndio uliomwosha siku ya kwanza."

Aliuweka mpini ukutani. Alikwenda nje, akanawa mikono, akarudi. Akatoka tena, akanawa mara ya pili. Nikamfundisha maneno kwa Kirundi. Kirundi hakina neno la kubatiza, nikampa "ninakuosha", na mpaka leo naomba padri asije akanikemea. Aliuliza, "Na jina?" Nikamwambia tunatoa jina la mtakatifu. "Jina lake iko," akasema. Sikubishana.

Akamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, vile mnavyoinua mtoto mchanga. Akamwaga mara tatu, polepole, na kwa kila mara akasema jina moja: la Baba, la Mwana, la Roho Mtakatifu. Hakukosea hata moja. Mimi mwenyewe siku ya kwanza Kigwena nilikosea nikarudia. Salumu alikuwa ameangalia chini. Bigirimana akacheka kidogo, akalamba maji yaliyomfika mdomoni.

Alikufa siku ya nne asubuhi, wanawake wanaepua mawese motoni. Tulimzika mlimani, juu kidogo ya michikichi yake. Salumu alikuja na wanafunzi wake, wakapokezana kulibeba jeneza, ijapokuwa sala ilikuwa yangu. Daktari naye alipanda mlima. Hakuomba. Alivua kofia, akasimama juani mpaka tulipomaliza kufukia. Watu wa mlimani walikaa mbali, wakinong'ona, nami nikajua wananong'ona nini. Mama yake akawageukia.

"Maji nilimwaga mimi," akasema. "Kama yanaua, mniite mimi muuaji wa mwanangu. Nani anasema?"

Wakatawanyika mmoja mmoja.

Tangu siku ile watoto hawafunikwi nguo nikipita. Sitakudanganya kwamba wameongoka. Jumapili wanafyeka vichaka kwa amri ya boma, Ijumaa wanakwenda kwa Salumu, na shida ikizidi wanapiga ngoma ya Kiranga. Lakini kila nikilipiga lile jembe, mama yake Bigirimana hushuka mlimani. Haingii. Hukaa nje ya mlango, mgongo umenielekea. Nilimkaribisha ndani, akakataa: "Sikuja kwako. Nimekuja kusikia mutoto wangu iko wapi." Basi namhubiria mgongo ule, Mama, mmoja tu, na kwa mara ya kwanza najichunga nisiseme neno nisilokuwa na hakika nalo. Akisikia majivuno, mabega yake yananiambia. Ni kazi ngumu. Niombee.

Nisalimie Kaka Leo, umwambie paa halijengwi kwa ahadi. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kupiga ishara ya msalaba akanipiga na makofi. Msalimie bibi mkunga, na padri, na mzee apigaye kengele. Huyo mwambie sasa namheshimu. Mtumbwi wa barua hii unavuka kesho. Mungu akulinde, Mama, usiku na mchana, nami nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi mwanao,
Petro, mkatekista wa Rumonge

Mama, ile bahati niliyojisifia huko juu ni uongo. Malale ninayo, daktari ameyaona katika damu yangu.