Kwa Baba, Uliyeamini Steringi Hafi

Baba yangu, shikamoo, ingawa safari hii sitasikia marahaba.

Leo nimepita kile kichochoro cha nyuma ya stesheni, hapa Liuhua, nikakuta lile duka tulikonunua sinema yako limegeuka duka la mikanda ya suruali. Nikasimama na mabegi yangu nikacheka peke yangu, Wachina wakanipisha njia. Nikaona nikuandikie, na wengine wasome, maana nikiyasimulia kwa mdomo hakuna anayeniamini.

Ulikuja Guangzhou kutibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amekuziba yote mawili. Siku ya kwanza nilipokupeleka barabara ya Zhanqian ninakonunua nguo, ulimsalimia mwanamke mmoja mara mbili, ukanilalamikia kwamba watu wa huku hawana adabu. Baba, lile lilikuwa sanamu la kuonyeshea koti.

Daktari akapanga kukupasua Jumatatu. Ukasema huendi mpaka umwone steringi wako, yule shujaa wa sinema za zamani.

"Wakikosea kisu, mwanangu, basi uso wa mwisho niliouona uwe wa yule bwana."

"Na mimi je?"

"Wewe nakujua kwa sauti."

Nani nyumbani kwetu asiyemjua yule bwana? Uliendesha mashine ya sinema Tanga tangu ujana wako, na habari zake ulitusimulia kuliko habari za babu. Huko Hollywood alianza kwa kushika mkuki nyuma ya mfalme, hana hata neno moja la kusema. Picha ya pili akapewa farasi. Ya tatu, jeshi. Kisha akawa jemadari, akawa mfalme, akawa mtumwa anayepindua ufalme, kila mara kifua wazi, taya kama pembe ya kabati, na umati wa watu nyuma yake jangwani. Uzee ulipomfika wakampa wafalme wa kukaa tu, kwa sababu magoti yalikataa farasi. Hizo ulikataa kuzihesabu. "Steringi haketi," ulisema. Na juu ya yote: "Steringi hafi."

Picha uliyoitaka ni ile ya jemadari anayevuka jangwa arudi kwa mkewe. Ilifika Tanga bila kipande cha mwisho, ulituambia, kimepotea njiani. Kwa hiyo ulikuwa unawasha taa, unasimama mbele ya pazia, unawasimulia watu mwisho wake: jemadari amefika, mke amemkumbatia, farasi amepewa maji. Watu wanapiga makofi, wanakwenda zao. Mama alirudi siku tatu mfululizo.

Basi tukaingia dukani. Mimi Kichina changu ni cha bei ya suruali. Mwenye duka, mama mmoja mnene, alikuwa anakula tambi. Nikamwambia: sinema, ya zamani, mzungu, farasi. Hakuinua hata kichwa. "Mei you."

"Anasemaje?"

"Anasema hakuna."

"Hajui hata ninachotaka!"

Ukanipa koti lako. Ukachukua mwavuli, ukasimama wima kama mlinzi wa mfalme. Ukakigeuza kiti, ukakipanda, ukakiendesha. Ukafungua vifungo vya shati na baridi ile yote, ukahutubia jeshi. Mlango ulijaa watu. Wakongo wawili waliokuwa wanapita na mizigo wakapaza sauti kukushangilia, "Allez, papa!" Mama wa duka akaweka bakuli chini, akaenda nyuma, akarudi na kasha la DVD lenye vumbi. Ukaligusisha na pua upate kuiona picha yake.

"Ndiye! Taya hilo!"

Jumapili mchana ukakaa shubiri moja kutoka kwenye televisheni yangu. Jemadari akafungua kinywa akasema Kichina.

"Amejifunza lini huyu?"

Ikabidi umsemee mwenyewe kwa Kiswahili, mpaka tukafika kile kipande cha mwisho. Baba, mshale ulimpata shingoni akiwa analiona lango la nyumba yake. Akaanguka. Wewe uliona vivuli tu.

"Vipi, amefika?"

Kesho yake ilikuwa kisu.

"Amefika, Baba."

"Mkewe?"

"Amemkumbatia."

"Na farasi?"

"Amepewa maji."

Ukashusha pumzi, ukaomba chai.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku chache baadaye nikarudi kutoka sokoni, nikakukuta umeketi upande wa pili wa chumba na miwani yako myeusi, na jemadari anaanguka. Nikabaki mlangoni na mabegi mkononi.

"Mwanangu, ulinidanganya."

"Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini? Umenidanganya kwa maneno yangu mwenyewe!" Ukacheka mpaka nikakuomba uyahurumie macho. Ndipo ukaniambia kwamba kile kipande hakikupotea njiani. Ulikitazama peke yako kabla watu hawajaingia, ukakifungia kwenye debe la biskuti, kwa sababu sinema ilikuwa na viti vipya na unawajua watu wa Tanga. "Steringi afe mbele yao? Wangevivunja vyote."

"Na Mama alijua?"

"Mama yako alinifuata siku ya tatu akaniambia, 'Wewe ni mwongo, lakini unasema vizuri.' Nikapeleka posa."

Ulipofariki sikuwahi ndege. Salimu, mdogo wangu, ndiye aliyenipigia simu kunieleza asubuhi yako ya mwisho. Akasema ulikula wali kwa samaki, sahani nzima, ukaniulizia, ukacheka, ukalala. Baba, wiki nzima kabla ya hapo alikuwa akiniambia hata uji haushuki. 

"Samaki gani?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo.

"Changu," akasema. "Wa kukaanga."

Nikamwambia asante.

Lala salama, Baba. Nikija Tanga nitakufikia wewe kwanza, kabla sijafungua mabegi.

Ni mimi, binti yako.