Jina la Selina

Sepuka, 9 Mei 1954

Mdogo wangu Bonaventura,

Salamu nyingi. Sisi tuzima, ila mama kifua kinamsumbua. Wewe huko Dodoma na kazi ya reli, hujambo?

Tumesikia umeshinda mbio za maili moja za jimbo zima. Karani alisoma gazeti barazani, watu wakashangilia. Kisha akasoma ulichomwambia mwandishi: kwamba unakimbia kwa ajili ya dada yetu Selina aliyeuawa shambani mwaka wa simba-watu, na kwamba ulikuwepo. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Bona, miaka saba hapa hatulitaji jambo lile. Waliosemekana kuvaa ngozi za simba na kuua watu, wengine walinyongwa, wengine wamerudi makwao. Alute aliachiwa kwa kukosa shahidi, na shamba lake limepakana na letu. Jana alinisimamisha kisimani, akaniuliza taratibu, "Ndugu yako aliona nini?" Nikasema sijui. Nikajitwika mtungi kabla haujajaa, nikaondoka.

Tafadhali usiseme tena.

Dada yako,
Theresia


Dodoma, 30 Mei 1954

Shikamoo dada,

Mpe mama pole. Mimi mzima.

Nikuambie nisichomwambia hata padri. Tulikuwa shambani tunaamia ndege wasile uwele, mimi na Selina. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Uwele ukatikisika, nikaona ngozi na kucha, na chini ya ngozi nikaona miguu ya mtu. Uso sikuuona. Nikakimbia mpaka misheni bila kugeuka. Nilimsikia Selina akiniita mara moja. Watu wananisifu kwa mbio, dada, lakini sikufundishwa na mtu. Nilijifunza siku ile.

Siwezi kusema ni Alute, wala siwezi kusema si yeye. Ila tarehe 21 Agosti tunakuja kukimbia Singida mjini. Nikishinda, nitamtaja Selina tena.

Mdogo wako,
Bonaventura


Sepuka, 2 Julai 1954

Bona,

Hujambo? Sisi hatujambo kwa kusema tu.

Jumatatu asubuhi nilikuta nyayo za simba uani, zimezunguka nyumba mpaka mlangoni. Simba ana miguu minne. Hizi zilikuwa za miguu miwili. Mbwa hakubweka. Nilimwita jumbe, akaziangalia, akaniambia, "Fagia uwanja wako," akaondoka haraka. Mama hataki tena kutoka nje.

Kimbia huko huko. Singida usije. Wala usinijibu, barua hizi zinapita mikono mingi.

Dada yako,
Theresia


Singida, 22 Agosti 1954

Shikamoo dada,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mama hajambo? Wewe hujambo?

Jana nilishinda. Bwana DC aliponipa kikombe nikaomba kusema neno. Nikasema, "Selina binti Naftali, wa Sepuka. Aliuawa akiwa na miaka kumi na minne." Hakuna aliyepiga makofi. Nikadhani nimetuponza sote. Kisha mama mmoja mzee akasimama, akataja jina la mwanawe. Mwingine akamtaja mumewe. Nilihesabu majina tisa, halafu vilio vikazidi, nikashindwa. Alute alikuwa nyuma, kofia mkononi.

Wewe sikukuona. Watu wa Sepuka wanasema nyumba yetu imefungwa tangu Julai, na hawajui mmekwenda wapi. Naipeleka hii kwa padri wa misheni. Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Bonaventura


Misheni, 5 Septemba 1954

Mdogo wangu,

Tu wazima. Nilimleta mama kwa masista, nikawaomba wasimwambie mtu, hata wewe. Nisamehe. Siku ya mbio nilikuwepo, nimejifunika kanga katikati ya wanawake wa Ilongero. Niliogopa hata kukupungia mkono.

Alute amehama na ng'ombe wake, wanasema kaelekea Shelui. Kama ana hatia au aliogopa tu kama sisi, sijui, na labda hatutajua. Mimi bado sipiti kwenye uwele peke yangu.

Sasa nikuambie langu. Selina hakufa pale pale. Mimi ndiye niliyemkuta. Nimeficha miaka yote hii, maana wauaji wangejua alisema kitu, wangetaka kujua ni nini, wangenifuata. Hakumtaja mtu. Aliniuliza tu, "Bona amefika?"

Nikamwambia umefika. Akafumba macho.

Dada yako,
Theresia