Gari Lililoitwa Kabla Hujalinunua

Mwanangu Skola,

Mvua zimekatika hapa Kaengesa na ulezi umekomaa. Majira kama haya ulitujia na gari lako jipya. Jipya kwetu, maana lilikwisha kutumika ng'ambo na kwa watu wengine Mbeya. Ulipiga honi tangu kanisani hadi uani, mama yako akatoka mbio na unga mikononi. "Tata, panda mbele," ukaniambia kwa Kifipa chetu, "leo wewe ndiye bosi."

Nilipanda mbele hata siku ile tulipokuwa tunakwenda Laela kumwona shangazi yako. Ulikuwa unanisimulia wanafunzi wako wa darasa la tatu, yule aliyeandika kwamba mbuzi ni ndege kwa sababu anaruka. Tulikuwa tunacheka. Lori la mahindi likasimama ghafla, ukakanyaga breki. Tuliligonga, lakini polepole, mwanangu. Taa moja ikavunjika, boneti ikakunjamana. Mimi sikupata hata mchubuko.

Nikageuka nikupe pole. Ule mfuko wa hewa wa kumkinga dereva ulikuwa umefumuka kutoka kwenye usukani, nawe umejishika shingo, damu inapita katikati ya vidole.

"Tata, nini hiki?"

Hukusema tena.

Jibu alinipa mkaguzi wa magari wa polisi. Alinivutia kiti. "Mzee, kugonga kule kusingemuua. Kile kikopo cha chuma kinachojaza upepo kwenye mfuko kilipasuka, kipande kikamchoma. Waliolitengeneza gari walikwisha kuyaita magari ya aina hii yarudishwe, wayabadilishie kikopo hicho bure."

"Walimwita nani?"

Akainamisha kichwa. Walimwita mwenye gari wa kwanza, huko ng'ambo. Gari likauzwa, likavuka bahari, likafika Rukwa. Wito ukabaki kule.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu. Nikiona gari limeegeshwa, namngoja mwenyewe. "Mwanangu, chukua namba ya chasisi, iangalie kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, au mpelekee wakala wao. Wakikwambia limeitwa, usingoje likuharibikie. Waulize kama ni salama kuliendesha, na ulipeleke." Wengine hunionea huruma, wengine huwasha gari wakaondoka. Vijana wa stendi wananiita Mzee Chasisi.

Mama Edna, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyenisikiliza. Gari lake ni kama lako, hata rangi. Akaangalia: nalo limeitwa. Akaniomba nimsindikize kwa wakala, Mbeya. Tulikaa kwenye benchi, wakatuletea chai. Fundi akafungua usukani, akatoa kikopo, akaweka kipya, hakudai chochote. Sikuwa nimemaliza chai yangu.

Skola, ni kazi ndogo hivyo.

Mama Edna alinipigia magoti kunishukuru, nikamwinua. Nilifurahi kwa ajili ya wanawe, Mungu ananiona. Kisha nikaenda nyuma ya karakana nikalia kwa sauti, mimi mtu mzima, mpaka mlinzi akaja.

"Shikamoo mzee. Umefiwa?"

"Marahaba. Nimefiwa na binti yangu."

"Pole sana. Lini?"

Nikamjibu, "Leo."

Pumzika, mwalimu wetu. Mama yako anakuombea kila jioni. Mimi bado maneno hayanitoki, ndiyo maana nimeandika.

Ni mimi, baba yako.