Kwa Eluned, Kuhusu Uso wa Kaka Yako

Mtaa wa Manod,
Blaenau Ffestiniog,
14 Septemba 2025.

Mpendwa Eluned,

"Mtu asiye na la kuficha ataogopaje kuonyesha uso wake?" Ndivyo ulivyoniandikia, binamu, ukieleza kwa nini wewe na mumeo Trefor mmesaini waraka wa kutaka ukaguzi wa umri mitandaoni uongezwe huko Adelaide. Nimekasirika mpaka chai imepoa. Lakini kwanza, hujambo? Mgongo wa Trefor unaendeleaje? Sisi wazima. Mvua ni ile ile, na shangazi Morfudd anakuulizia kila akikaanga vile vimkate vyake vya zabibu.

Sasa nikujibu. Unakikumbuka kibanda cha simu, kile chekundu kando ya kanisa? Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mimi na kaka yako Gethin tulisimama nje, tumelowa, tukiimba kwa nguvu ili wapita njia wasikusikie. Ndani, ulimuuliza muuguzi kwa simu jambo ambalo mama yako amekwenda kaburini bila kulijua. Hakukuuliza jina wala umri. Ulitoka unacheka na kulia, tukaenda kula chipsi zilizoloa siki. Sijala tena chipsi tamu kama zile. Kibanda chenyewe wamekwisha kuking'oa.

Gethin naye alipata pa kusemea: baraza la mtandaoni la watu walioacha pombe, wanaoandikiana kwa majina ya kubuni. Ameniruhusu nikwambie. Tangu kiangazi, kwa kuogopa faini za sheria mpya ya huku kwetu ya kukagua umri mitandaoni, wenye baraza wanamtaka kila mtu ajipige picha ya uso au aonyeshe pasipoti, ipelekwe kwa kampuni asiyoijua.

"Naendesha basi la shule, Idwal," aliniambia. "Picha hiyo ikivuja, nani atanikabidhi mwanawe?"

Nikamtania kwamba kwa sura ile kompyuta itakataa yenyewe. Hakucheka. Ameacha kuingia barazani, na juzi nilimkuta mbele ya mlango wa baa, haingii, haondoki.

Nami nina mabinti. Uchafu wa mitandaoni siupendi. Lakini sheria hii haijamlinda mtoto yeyote ninayemjua. Imemnyamazisha Gethin. Na msichana wa leo mwenye swali kama lako, atamuuliza nani?

Wasalimie mapacha wenu. Mungu awafunike nyote.

Mpigie kaka yako Jumapili hii. Usimhoji, mwache aongee. Kisha wewe na Trefor mkafute majina yenu kwenye waraka ule.

Akupendaye hata tukigombana,
Idwal